Rashasha ndogo ya zamani: mkusanyaji ananunua nini hasa anapochagua ya kwanza

Ukisoma kwenye gazeti la Tanzania kwamba polisi wamekamata "SMG" (kifupi cha Kiingereza cha rashasha ndogo), mara nyingi bunduki yenyewe ni ya ukoo wa Kalashnikov. Hiyo siyo inayozungumziwa hapa. Kwa mkusanyaji wa silaha za kale, rashasha ndogo ni bunduki fupi ya kushikwa kwa mikono miwili, inayofyatua mfululizo, lakini inayotumia risasi za bastola: milimita 9 kwa Wajerumani na Waingereza, .45 kwa Wamarekani. Risasi hiyo haina nguvu ya kufika mbali, kwa hiyo bunduki haihitaji mtutu mrefu wala mitambo tata. Ilikusudiwa vita vya karibu, na ilikomaa katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. MP18 ya Ujerumani, kazi ya Hugo Schmeisser katika kiwanda cha Bergmann, iliingia vitani mwaka 1918. Miongo iliyofuata, karibu kila jeshi kubwa likajitengenezea ya kwake.

Nyingi kati ya hizo hufanya kazi kwa njia moja. Unavuta nyuma boliti, pande la chuma linaloteleza ndani ya bunduki, inanasa hapo, na chemba, tundu la risasi nyuma ya mtutu, inabaki wazi bila risasi. Ukibana kifyatulio, boliti inaachiwa, springi inaisukuma mbele, inachukua risasi moja kwenye magazini (chombo cha risasi), inaiingiza chemba na kuigonga hapohapo. Mlipuko unaitupa nyuma tena, na mzunguko unaendelea hadi uachie kidole au magazini iishe. Hakuna komeo linaloifunga boliti. Uzito wake ndio unaoichelewesha hadi risasi iwe imetoka mtutuni. Mtu anayefyatua Sten, rashasha ya Waingereza, kwa mara ya kwanza hushtushwa na jambo hilo: kabla ya mlio anahisi pande zima la chuma likikimbia mbele ndani ya bomba, na mtutu unachezacheza kidogo kabla risasi haijatoka. Hiyo pia ndiyo sababu Sten iliyoangushwa chini ikiwa na magazini iliweza kujifyatua yenyewe. Kishindo kiliirusha boliti nyuma kiasi cha kuchukua risasi.

Bunduki hizi zimepita huku kwetu. Sten ilikuwa mikononi mwa askari wa serikali ya kikoloni Kenya wakati wa hali ya hatari, 1952 hadi 1960, na Sterling iliyoirithi ikafuata. Kongo, jeshi la Force Publique la Wabelgiji lilikuwa na Vigneron ya milimita 9. Lakini kwa raia wa Afrika Mashariki silaha ya kufyatua mfululizo haimilikiwi, na ndivyo ilivyo sehemu nyingi duniani. Uingereza mkusanyaji hununua Sten iliyozimwa kabisa, yenye cheti cha kuthibitisha kwamba haiwezi tena kufyatua. Nchi ambayo suala la kuchagua rashasha ya kwanza iliyo hai limekuwa elimu ya peke yake ni Marekani, na huko huwezi kuelewa uchaguzi bila kuelewa sheria tatu.

Ya kwanza ni ya 1934. Baada ya miaka ya magenge ya wahalifu na rashasha zao za Kimarekani aina ya Thompson, bunge lilitaka kila rashasha isajiliwe na kila mauzo yalipiwe kodi ya dola 200. Wakati huo fedha hiyo ilikaribia bei ya Thompson mpya, na nia ilikuwa kuwakatisha watu tamaa. Kiasi hakijapandishwa tangu siku hiyo. Kuanzia Januari 2026 kodi hiyo imeondolewa kwa vifaa vingine vilivyomo kwenye sheria hiyo, kama vizuia sauti, ila kwa rashasha dola 200 zimebaki palepale.

Ya pili ni ya 1968. Ilifunga mlango wa kuingiza rashasha kutoka nje kwa ajili ya raia, na ikatoa msamaha wa siku 30, kuanzia tarehe 2 Novemba hadi 1 Desemba mwaka huo: mwenye silaha isiyosajiliwa aje kuisajili, asishtakiwe. Ukitaka kujua kwa nini bado kuna MP40, rashasha ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili, iliyo halali huko, jibu kubwa limo katika siku hizo 30. Wanajeshi walikuwa wamerudi kutoka Ulaya na silaha za Wajerumani ndani ya mabegi, baadhi wakiwa na kibali cha mkuu wao, wengine bila chochote. Na miaka ya 1950 na 1960 wafanyabiashara waliuza maelfu ya rashasha zilizozimwa kwa kuchomelewa, ambazo kabla ya 1968 hazikuhitaji usajili. Waliojitokeza walipata karatasi. Waliopuuza waliacha mzigo kwa watoto wao. Hadi leo kuna familia inayofungua sanduku la babu na kukuta bunduki nzuri ya kihistoria isiyo na karatasi, na hakuna dirisha lolote la kuisajili. Kuimiliki ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10. Inauma kuona kitu chenye historia kama hiyo kikiishia kukatwakatwa kwa sababu mtu hakujaza fomu mwezi mmoja wa mwaka 1968.

Ya tatu ni ya 1986, iliyotiwa saini na Rais Reagan tarehe 19 Mei. Tangu siku hiyo hakuna rashasha mpya inayoweza kusajiliwa kwa ajili ya raia. Zilizokuwa kwenye daftari la usajili zinaweza kuuzwa na kurithiwa, na idadi yake inaweza kupungua tu. Kwa hiyo MAC-10, bunduki ya chuma kilichokunjwa ambayo mapema miaka ya 1980 ilinunuliwa kwa dola mia chache, leo inauzwa kwa maelfu ya dola. Chuma chake hakijaongezeka ubora hata kidogo. Kilichopanda bei ni nafasi yake kwenye daftari.

Hapo ndipo maana halisi ya dhana hii ilipo. Rashasha ndogo ya mkusanyaji wa Marekani ni usajili wa kabla ya 19 Mei 1986, na chuma ambacho usajili huo umekibeba. Mnunuzi mzoefu hufanya kama mnunuzi wa kiwanja: anaomba hati kwanza, kisha ndiyo anakwenda kukanyaga udongo. Namba iliyo kwenye fomu lazima ilingane na iliyochongwa kwenye bunduki, herufi kwa herufi, pamoja na jina la mtengenezaji na aina. Halafu inabidi kujua ni kipande kipi hasa kilichosajiliwa. Kwa kawaida ni kiwiliwili cha bunduki, lile bomba au boksi linalobeba boliti. Lakini kwa rashasha nyingi za Israeli aina ya Uzi kilichosajiliwa ni boliti yenyewe, na thamani inabadilika kwa ajili hiyo. Kuna pia rashasha ambazo wafanyabiashara wenye leseni waliingiza baada ya 1968 kama sampuli. Zinaonekana sawasawa na nyingine, bei yake inavutia, lakini raia wa kawaida haruhusiwi kuhamishiwa. Muuzaji akianza kuzungukazunguka kwenye swali hili, ondoka.

Sasa tuje kwenye chuma, maana hapa wageni hujidanganya zaidi. Kati ya kupitishwa kwa sheria ya tatu na kusainiwa kwake, watengenezaji wa Kimarekani walikimbizana kusajili mabomba. Bomba tupu lenye namba lilitosha, likajengewa bunduki baadaye kwa vipuri vya zamani. Ndiyo maana Sten nyingi zinazouzwa kule zina mtutu, boliti na kitako vya Uingereza vya miaka ya 1940, lakini kiwiliwili kilizaliwa Marekani miaka ya 1980. Zipo MP40 za namna hiyo pia. Ni halali, zinafyatua vizuri, na ukiiharibu husikitiki sana. Ila si kipande cha mwaka 1942, na mtu asikubali kuilipia bei ya kipande cha mwaka 1942.

MP40 ya asili inajieleza yenyewe ukijua pa kutazama. Geuza bunduki, angalia nyuma ya kiwiliwili juu: kutakuwa na MP40, herufi tatu za siri za kiwanda na tarakimu za mwaka. "ayf" ni kiwanda cha Erma, "bnz" ni Steyr wa Austria, "fxo" ni Haenel. Kisha fuatilia namba za vipande vikubwa kama zinafanana na ya kiwiliwili. Zikifanana zote, bunduki hiyo imetoka kiwandani ikiwa nzima na haijaunganishwa kwa mabaki. Kuna alama ndogo za ndege tai zilizogongwa na wakaguzi wa jeshi, na mara nyingine alama za kusagwa pale ambapo mtu alijaribu kurudisha rangi mpya. Rangi mpya inapunguza thamani. Mikwaruzo ya 1943 ni sehemu ya ushahidi. Kwa zile zilizowahi kuzimwa miaka ya 1950, chungulia eneo la chemba: je, weldingi ilitolewa vizuri, mtutu ulibadilishwa, na je, kuifufua kulifanywa kisheria na kodi ikalipwa? Na usiiite Schmeisser mbele ya wakusanyaji. Iliundwa Erma, kwa kuendeleza kazi ya Heinrich Vollmer.

Thompson ina ulimwengu wake. Kiwanda cha Colt kilitengeneza 15,000 tu za modeli ya 1921, na ndizo zenye mapezi ya kupooza mtutu, kishikio cha mbele na mti uliong'arishwa kama wa samani. Hizo ni ndoto za watu wenye fedha nyingi. Kwenye magazini zake za duara utaona herufi za Kirumi: L ya risasi 50, C ya risasi 100. Vita vilipokuja kazi ilihamia viwanda vya Savage na Auto-Ordnance, na namba zinaonyesha: S kwa ya kwanza, AO kwa ya pili. Mwaka 1942 ikaja M1, iliyoondolewa komeo la Blish, kipande kilichochelewesha boliti katika Thompson za awali, na mapambo yote. Mkono wa boliti ukahamia ubavuni kulia na magazini ya duara haikuingia tena. M1A1 ikapunguza zaidi, pini ya kupigia ikawa kitu kimoja na boliti. Zipo pia Thompson zilizotengenezwa West Hurley, New York, kuanzia miaka ya 1970. Wakusanyaji huziweka chini ya zile za vita, na soko linakubaliana nao.

Ipi iwe ya kwanza? Mtu mwenye uwezo wa kati ningemwambia achukue Thompson M1 au M1A1 ya vita, iliyo katika hali yake, hata kama kitako kimechakaa. Vipuri vyake ni vingi, kwa sababu Thompson zilitengenezwa zaidi ya milioni moja. Springi na kitoa ganda unavipata bila kuhangaika. Uzito wake, karibu kilo tano bila risasi, unaifanya itulie mikononi mwa mwanafunzi. Akitaka kuuza baadaye, anayeitaka hakosekani. Mwenye mfuko mdogo achukue Sten ya bomba la Kimarekani akijua ni nini anachonunua, afurahie utaratibu wake rahisi na magazini yake ya ubavuni, ambayo ndiyo udhaifu mkuu wa bunduki hiyo: midomo yake ikipinda kidogo tu, inakwama. Ushauri wa kununua magazini kumi na kubaki na tatu nzuri si wa utani. MAC-10 ndiyo mlango wa bei nafuu zaidi, lakini inatema risasi zaidi ya 1,000 kwa dakika na haina mengi ya kusimulia kwa anayekusanya kwa ajili ya historia. Nisingeianzia.

Grease Gun, yaani M3 ya jeshi la Marekani, nairudia mara kwa mara moyoni. Ilitoka katika kiwanda cha General Motors huko Anderson, Indiana, kilichokuwa kikitengeneza taa za magari, kwa ufundi uleule wa kugonga mabati. Inapiga polepole, risasi 450 hivi kwa dakika, kiasi kwamba mtu anaweza kuhesabu. Lakini zilizosajiliwa ni chache, na bei zake zinafanya isiwe ya kwanza.

Kabla ya yote, angalia jimbo. California na New York raia hawaruhusiwi kuwa nazo hata karatasi za serikali kuu zikiwa safi. Jimbo likiruhusu, maombi hujazwa kwenye Fomu 4 pamoja na picha na alama za vidole, na taarifa hupelekwa kwa mkuu wa polisi wa eneo. Bunduki inabaki kwa muuzaji hadi kibali kitoke. Ikitoka jimbo jingine, hupitia kwanza kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo la mnunuzi, isipokuwa mnunuzi ana leseni ya mkusanyaji na silaha imekubaliwa kuwa ya kale. Hiyo ni faida nyingine ya bunduki ya asili dhidi ya ile ya bomba la 1986. Ukiwa nayo, huwezi kuvuka mpaka wa jimbo nayo bila kuomba ruhusa mapema. Mwenye nayo akifariki, warithi halali huihamisha kwa Fomu 5 bila kodi, mradi karatasi zimehifadhiwa mahali wanapopajua.