Siku Niliyoiacha Ramani Nikaenda Kunywa Kahawa

Nilikuwa nachora ramani ya Mji Mkongwe, Unguja, ya kuchapwa kwenye karatasi kwa kipimo cha 1:2,000. Piga hesabu: kichochoro cha upana wa mita 2 kinakuwa milimita 1 tu. Herufi ya kusomeka bila kukodoa macho inataka kama milimita 2 kwenda juu. Sasa jina la njia utaliweka wapi?

Siku tatu nimo kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani, nasukuma majina. Nikilisogeza hili, linaupanda msikiti; nikilipunguza lile, halisomeki. Siku ya nne nikazima kompyuta, nikaenda zangu Jaws Corner, nikakaa barazani. Muuza kahawa na dele lake, wazee na dhumna, mimi na kashata. Ramani hata siifikirii.

Akapita kijana na mzigo begani, akaamkia, akauliza nyumba ya mtu. Mzee mmoja, macho kwenye dhumna, akamjibu: "Teremka hivi mwanangu, ukipita fundi cherehani kata kulia. Ukiuona mnara wa kanisa, hapo Mkunazini. Uliza hapo."

Hakutaja jina la njia hata moja. Kashata ikanikwama kooni.

Kumbe siku zote tatu nilikuwa nahangaika na swali silo. Nilitaka majina yaenee, na wenyeji hawatembei kwa majina hayo. Wanatembea kwa mitaa mizima, kama Mkunazini, na kwa alama. Nikarudi, nikafuta tabaka zima la majina ya vichochoro. Nikaweka Shangani, Kiponda, Malindi, Hurumzi kwa herufi kubwa za rangi hafifu, na alama juu yake.

Harry Beck, mchoraji wa Kiingereza, naye mchoro wake wa reli za chini ya ardhi za London, wa mwaka 1931, aliufanya katika muda wake mwenyewe, hakutumwa. Akaachana na umbali halisi, maana abiria aliye chini ya ardhi anataka kujua abadilishe treni wapi, basi. Mwanzo ukakataliwa, ukachapwa 1933.

Si kila kazi yetu inataka mapumziko ya namna hii. Kufuatisha mapaa kwenye picha za angani ni suala la mgongo na chai. Kinachochoka mapema ni uamuzi wa nini kifutwe. Ukishaikodolea ramani kwa muda wa saa nane, kila mstari unauonea huruma, kwa kuwa umeuchora wewe.

Siku hizi kwenye ratiba naandika kabisa: siku mbili, ramani inalala. Mteja mmoja aliniuliza kama na hizo analipia. Nikamwambia ndiyo, analipia.