Mafuta ya Ganda la Korosho: Kwa Nini Yako Maabara na Hayajafika Kiwandani

Mama anayebangua korosho kwa mkono, awe Newala au Tandahimba, utamtambua kwa vidole. Ngozi imechubuka, mahali pengine imekuwa nyeusi. Kabla ya kuanza kazi hujipaka majivu au mafuta ya kupikia, lakini mafuta ya ganda ni makali na hupenya. Mafuta hayohayo yanatafutwa na viwanda vya rangi, vanishi na pedi za breki katika nchi za mbali.

Katika kilo 100 za korosho ghafi, kiini ni kilo 20 hadi 25 hivi. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni ganda, na mafuta huweza kufikia robo ya uzito wa ganda hilo. Korosho nyingi za Mtwara na Lindi huondoka zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na mafuta huondoka nazo ndani ya gunia bila mkulima kulipwa chochote kwa ajili yake. Katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Mwenye kalamu na apige hesabu.

Sayansi yake tunayo. Asidi ya anakadiki iliyomo kwenye mafuta mabichi, ikipashwa moto, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kardanoli, na kutokana na kardanoli mkemia anaweza kutengeneza vitu vingi. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameishughulikia kwa miaka mingi. Wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, walichapisha mwaka 2012 njia ya kuigeuza kuwa kemikali inayowavuta mbung'o kwenye mtego. Msomaji wa Liwale, ambaye jirani yake ni pori, atauliza: mbona sijauona mtego huo dukani? Kazi yangu chuoni ni kukaa kati ya watafiti na wenye viwanda, na swali hilo ndilo ninaloamka nalo kila siku.

Kitivo cha sayansi kina wataalamu, mashine za kupimia na wanafunzi. Hakina mtambo wa kuchemsha tani wala mtu wa mauzo. Maabara hufanya kazi katika chupa ya nusu lita. Anayejua kupika pilau ya watu watano hawezi kuzidisha kila kitu mara mia akategemea sufuria la harusi litoke vilevile, kwani chini litaungua na juu mchele utabaki na kiini. Mitambo ya kemikali ina tabia hiyohiyo. Ukikuza chombo mara 10 kwa urefu, upana na kimo, ujazo wake unakua mara 1,000, lakini kuta zinazopitisha joto zinakua mara 100 tu. Mafuta ya ganda yakipata joto kupita kiasi huwa mazito, yakashikana kama lami, na hapo mtambo umekwisha.

Hatua hiyo ya kutoka chupa ya nusu lita hadi pipa la lita 200 ndiyo inayomeza fedha, na ndiyo isiyo na mwenyewe. Mfadhili wa utafiti anaona kazi imekwisha kwa kuwa makala imetoka. Benki inaona biashara bado haijaanza. Mwenye kiwanda anahitajika hapo katikati, na kwa kweli anahitajika hata kabla ya hapo, wakati swali la utafiti linapoandikwa.

Wazee wa Nachingwea wanajua gharama ya kuanza bila kuuliza. Mwaka 1947 Waingereza waliingiza mitambo kulima karanga kwa eneo kubwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, kabla udongo na mvua havijachunguzwa ipasavyo. Mwaka 1951 mpango ulifutwa na hasara ya zaidi ya pauni milioni 35, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara iling'olewa katika miaka ya 1960. Karanga zilirudi kwa njia nyingine: kituo cha utafiti cha Naliendele kilitoa mbegu ya Pendo mwaka 1998, kisha mwaka 2009 zikafuata nyingine zilizopewa majina ya kwetu, kama Masasi, Mangaka na Mnanje. Mbegu hizo zilijaribiwa katika udongo wetu kabla ya kupewa mkulima. Mimi nauona huo kuwa ushirikiano halisi kuliko hati nyingi za makubaliano zinazotiwa saini mbele ya kamera na kuishia kabatini.

Sasa nije kwenye jambo linalowaumiza watu. Nimewahi kukutana na mwenye mashine ya kubangua aliyempa mtafiti magunia ya ganda bila karatasi yoyote. Mwaka uliofuata aliyaona matokeo kwenye bango la mkutano wa kisayansi. Jina lake halikuwepo. Kibaya zaidi, njia nzima ilikuwa imeanikwa hadharani, na sheria ya hataza, yaani haki ya pekee anayopewa mgunduzi juu ya ugunduzi wake, inataka ugunduzi uwe mpya siku ombi linapowasilishwa. Mtafiti alikosa hataza, na mwenye mashine akakosa leseni ambayo ingempa nafasi ya kutangulia sokoni.

Kwa hiyo kabla ya gunia la kwanza kutoka ghalani, kaeni chini mwandike. Nani analeta nini, nani analipia vipimo, matokeo yatakuwa ya nani, makala itasubiri muda gani ili ombi la hataza lifike kwanza BRELA, wakala wa serikali unaosajili hataza, na kitu kikiuzwa mrabaha utagawanywaje. Mkataba wa usiri ni kurasa mbili tatu tu. Kwa mbegu mpya njia ni nyingine: Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya mwaka 2012 inampa mgunduzi ulinzi wa miaka 20, na kwa miti, mkorosho ukiwemo, miaka 25.

Hataza peke yake hailishi mtu. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio la maji linalotumia teknolojia ya nano, yaani ya chembe ndogo mno, na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Baada ya hapo alihitaji kampuni, na alihitaji vituo ambako watu wa kawaida wananunua maji yaliyochujwa hata kama hawawezi kununua chujio lenyewe. Njia hiyo ya kuuza inatokana na kuwajua wateja, na haipimwi kwa mashine yoyote ya maabara.

Mwenye kiwanda kidogo hapa kusini asisubiri Kampasi ya Lindi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayojengwa kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu, ikamilike ndipo aanze. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ina ofisi Mtwara na Lindi, na ndiyo inayomtambulisha mjasiriamali mdogo kwa TBS, shirika la viwango. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ipo kwa ajili ya kuendeleza ubunifu. Hata mwanafunzi wa fildi akipewa tatizo moja la kweli kiwandani, badala ya kutumwa chai, anaweza kulifungulia njia.

Ukija kwetu chuoni, tutakuuliza unabangua tani ngapi kwa mwezi, ganda unalipeleka wapi sasa na nani anakulipa. Kama mikono ya wabanguaji wako inachubuka, lianze hilo, kwa sababu nalo ni swali la utafiti, na wao ndio wanaolipia jibu kuchelewa. Beba kilo moja ya ganda katika mfuko uliofungwa, uandike juu yake tarehe ya kubangua na jina la ghala. Bila hayo, kipimo cha leo hatutaweza kukilinganisha na cha mwezi ujao.