Rada haisomi jina la meli

Wateja wangu wengi wanafanya kazi hapa Nairobi na boti zao ziko Kilifi au Watamu. Anakuja mmoja ofisini, Viwandani, ananionyesha simu: ramani imejaa vimeli vya rangi nje ya Kilindini, kila kimoja na jina lake. "Rada ninayo hapa, ya kununua ni ya nini tena?"

Bwana, hiyo si rada. Hiyo ni AIS: meli yenyewe inatangaza kwa redio ya VHF jina lake, mahali ilipo, kasi na uelekeo. Kituo cha nchi kavu kinanasa tangazo, kinalirusha kwenye intaneti, ndipo linafika kwenye simu yako, pengine likiwa limeshachacha. Na asiyetangaza haonekani. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unazibana meli za tani jumla 300 na zaidi zinazokwenda safari za kimataifa ziwe na AIS. Jahazi la mizigo la Lamu halimo. Ngalawa ya mvuvi isiyo hata na taa haimo. Nje ya Watamu usiku, mimi nawahofia hao kuliko meli ya makontena.

Rada haingoji mtu ajitangaze. Inatuma mawimbi, inapokea mwangwi, inapima umbali wa kitu na uelekeo wake kutoka kwako, basi. Doa kwenye skrini laweza kuwa meli, boya au manyunyu. Ukiona jina kando yake, ujue AIS imeunganishwa hapo. Tena jina la nini? Angalia kama uelekeo wa doa kutoka kwako haubadiliki huku umbali ukipungua. Ikiwa hivyo, mnaelekea kugongana, liwe na jina lisiwe nalo.

Nasikia na mengine. "Mwenye rada hagongi." Meli za abiria Andrea Doria na Stockholm zote zilikuwa na rada, zikaonana kwenye skrini, na bado ziligongana karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, mwaka 1956. Watu 51 walikufa. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972, kanuni ya 7, zinakataza kukisia kwa habari haba, hasa za rada.

"Meli kubwa itaniona tu." Kwa boti ya faiba au mbao? Mwangwi wake ni hafifu, bahari ikichafuka unapotea kati ya mawimbi. Funga kiakisi rada, kifaa cha chuma kinachorudisha mwangwi wenye nguvu, juu kabisa mlingotini. Wateja wangu huuliza bei ya rada kwanza. Ningekuwa mimi, ningeanza na kiakisi.

"Mvua haiisumbui." Rada za boti ndogo kwa kawaida hutumia mawimbi ya sentimita 3, na mvua huyasumbua sana. Kuna kitufe cha kufuta mvua, ila ukikikaza mno kinamfuta na mvuvi.

"Ni ya usiku na ukungu." Hili ndilo linaloharibu manahodha. Iwasheni mchana kweupe, jahazi mnaliona kwa macho, mlitafute kwenye skrini mjue doa lake likoje.