Huo mchanga wa paka urudishe ndani

Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu waliopotelewa na paka, na wote walianza na maneno yale yale: "Mchanga wake nimeshautoa nje, mbona harudi?" Ni ule mchanga ambao paka hujisaidia ndani ya nyumba; wengi huamini kwamba ukitolewa nje, harufu yake itamwongoza paka aliyepotea hadi nyumbani. Mmoja alikuwa ameumwaga kwa mstari, kutoka kizingiti cha mlango hadi getini, ili paka aufuate kama anayefuata kamba. Mwingine alikuwa siku ya tano akiingoja harufu ifanye kazi, na kwa siku zote hizo hakuwa ameinama hata mara moja kuchungulia uvungu wa gari lake mwenyewe. Jambo hili nimelijibu kwa simu, mtu mmoja mmoja, kwa miaka mingi. Leo nimechoka, naliandika.

Ninamzungumzia paka wa ndani, yule ambaye nje anaijua kwa kuitazama dirishani. Paka mwenye mazoea ya kutoka asubuhi na kurudi jioni akikosekana, hicho ni kisa kingine: huyo ana eneo lake, anajua njia zake, na asipoonekana kuna jambo limemzuia. Amefungiwa banda la mtu, ameumia, au amefukuzwa na paka mwenzake. Paka wa ndani hana eneo huko nje. Hana hata sentimita moja.

Kosa la mchanga limezaliwa na kosa jingine: kudhani paka amepotea njia. Watu humwona kama mtoto aliyeachana mkono na mama yake kwenye umati, anayezunguka huku na huko akiuliza kwetu wapi, na kwamba akiinusa harufu yake tu ataifuata hadi mlangoni. Sivyo inavyokuwa. Mlango umebaki wazi, paka amechoropoka, na ghafla juu hakuna dari. Kuna muungurumo, kuna miguu, kuna harufu za wanyama asiowajua. Anakimbilia uficho wa kwanza anaouona na kujibana humo. Mara nyingi uficho huo uko hatua chache kutoka alikotokea, na akiwa pale nyumba anaiona, mlango anauona, sauti yako anaijua. Anachokosa ni ujasiri wa kuvuka uwazi ulio katikati. Sasa mnyama anayejua kwao ni wapi, ila anaogopa kutoa kichwa, harufu ya choo chake itamfaa nini?

Hapo ndipo ninapobishana na watu mpaka sauti inakauka. Wananiambia: "Hapana, hapa hayupo. Paka wangu nikimwita tu anaitika. Nimezunguka nyumba nzima nikiita, kimya."

Kimya hicho hakithibitishi chochote. Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana paka wengi hupotea moja kwa moja kwa sababu ya sentensi hiyo. Paka ni mwindaji, lakini kwa ukubwa wake ni windo pia. Akiwa kwenye eneo la wenyewe, kulia ni kujitangaza. Kwa hiyo yule mpiga kelele wenu wa jikoni, anayedai chakula kabla jogoo hajawika, akiwa na hofu hufunga mdomo kabisa. Na si kwamba hakusikii. Sikio la paka hufika sauti nyembamba za takriban kilohezi 85 (kipimo cha wembamba wa sauti), wakati letu hukomea karibu na 20. Anasikia hata kucha za panya zikiparuza. Amekusikia tangu ulipofungua mlango. Ameamua kutoitika, na kadiri hofu ilivyo kubwa ndivyo anavyozidi kukaza uamuzi huo.

Kuna nyumba moja niliitwa siku ya saba. Familia nzima ilikuwa imeita mpaka barabara ya tatu, ikabandika picha, ikamtafuta kwa gari. Niliomba nianzie kwenye ngazi zao wenyewe. Chini ya kidato cha mwisho palikuwa na upenyo ambao ngumi yangu ilipita kwa shida. Paka alikuwa humo, macho mawili na vumbi. Kwa siku saba walikuwa wakizikanyaga ngazi hizo kwenda kumtafuta. Mama mwenye nyumba alikaa chini akalia, akaniambia: "Lakini niliita hapa, niliita hapa hapa." Najua aliita. Ndiyo sababu nasema kuita si kutafuta.

Kutafuta ni kulala kifudifudi. Anza kwako, kisha nyumba zinazopakana na kwako, kisha zinazofuata, na usiruke hata moja kwa sababu "huko hawezi kufika". Pekua uvungu, mitaro, marundo ya mbao, darini, vichaka, nyuma ya matangi, ndani ya boneti ya gari. Usimwombe jirani akuangalizie. Jirani atasimama mlangoni pa banda lake, atasema "pusi pusi", atarudi kukuambia hayupo, na atakuwa amesema kweli kwa jinsi alivyoona. Mwombe kwa heshima akuruhusu uingie uangalie mwenyewe. Kama banda lina kufuli, omba lifunguliwe hata kama anaapa kwamba halijafunguliwa mwezi mzima. Paka haingii kwa mlango.

Nenda usiku, watu wakishalala, na tochi kali. Tochi uishike usawa wa jicho lako, karibu na shavu, si kiunoni. Ndani ya jicho la paka, upande wa nyuma, kuna utando unaorudisha mwanga ulikotoka. Tochi ikiwa kiunoni, mng'ao unarudi kiunoni na wewe huuoni. Nimeshapita mahali pamoja mara mbili na mtu aliyeshika tochi chini, bila kuona kitu, nikamwinulia mkono tu, na macho yakawaka pale pale.

Kwa wanaotaka takwimu: mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa paka 1,210 waliopotea. Asilimia 61 walipatikana ndani ya mwaka, karibu theluthi moja walipatikana ndani ya siku 7, na baada ya siku 90 waliopatikana hai walikuwa wachache sana. Robo tatu ya waliopatikana walikutwa ndani ya mita 500 kutoka walipotokea, na upekuzi wa miguu na mikono ndio uliohusishwa na kuwapata hai. Wengi wakiisikia hiyo mita 500 hukimbilia ukingo wake. Subirini. Idadi hiyo imewachanganya pia paka wenye mazoea ya nje, ambao utafiti huo huo unaonyesha kwamba huenda mbali kuliko wasiowahi kutoka. Wako yuko karibu zaidi ya hapo. Anza na mita kumi.

Sasa turudi kwenye mchanga, maana hatari yake si kupoteza muda peke yake. Mkojo na kinyesi kwa paka ni barua. Unapoutoa nje, barua hiyo kwanza wanaisoma wenyeji: madume ya eneo, wanaopita kila usiku kukagua mipaka. Umewatangazia kwamba kuna mgeni. Watakuja, watanyunyizia mikojo yao papo hapo mlangoni pako, na pengine watakaa. Halafu mwoga wako, aliyekuwa amejipa moyo saa nane za usiku asogee, anakuta dume amesimama kati yake na nyumba. Nimeyaona haya kwenye kamera zaidi ya mara moja: mwenye nyumba amelala kwa matumaini, na barazani pake kuna paka wawili wasio wake wakizomeana.

Nitakuwa mkweli: wapo waliotoa mchanga na paka akarudi usiku ule ule. Siwezi kuwaambia wanadanganya. Ninachowauliza ni nini kingine walifanya, na karibu kila mara jibu ni kwamba waliacha mlango wazi, walizima taa, na waliacha kupiga kelele kwa kuwa waliuamini mchanga. Utulivu na mlango wazi ningewapa bila huo mchanga. Lakini kwamba mchanga haujamsaidia paka hata mmoja duniani, hilo sisemi.

Na kuna jambo jingine linalonisumbua. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Ohio, Marekani, wa paka 138 waliopotea. Asilimia 53 walipatikana tena na wenye paka, na kati ya hao asilimia 66 walirudi tu wenyewe, kwa miguu yao. Mwenye kuamini kwamba paka atarudi mwenyewe anaweza kunirushia namba hiyo usoni, na ana haki. Jibu langu ni kwamba namba hiyo haimhusu aliyebanwa mahali asipoweza kutoka, na wewe uliyeko nyumbani huwezi kujua wako ni yupi. Hata hivyo kila nikiisoma inanikumbusha kwamba baadhi ya paka ninaosema nimewapata mimi, pengine wangekuja wenyewe kesho yake.

Ukimwona, usimrukie. Nasema tena, usimrukie. Mtu aliyetafuta siku nne akiona mkia wa paka wake hupoteza akili. Anapiga ukelele wa furaha, anakimbia, anatupa mikono. Paka anaona kiumbe kikubwa kinakuja mbio, na anakimbia kweli. Safari hii hasimami kwenye uficho wa kwanza, na mita kumi zimegeuka mia mbili. Kaa chini palepale. Jikunje uwe mdogo, mpe ubavu badala ya uso, usimkazie macho. Ongea kwa sauti ile ya nyumbani, polepole, maneno yoyote. Soma hata orodha ya vitu vya kununua. Weka mbele yako chakula chenye harufu kali, samaki wa kopo wanafaa. Ikichukua saa mbili, ichukue saa mbili. Akifika mkononi usimnyanyue kwa papara. Mshike ngozi ya shingo na mwili kwa pamoja, umfunike taulo.

Asipokubali kusogea, weka mtego wa kizimba: anaingia kufuata chakula, anakanyaga bati, mlango unafunga bila kumuumiza. Uweke karibu kabisa na uficho wake, ufunikwe nguo iliyolaliwa na wewe, ukaguliwe kila baada ya saa chache. Ukinasa paka mwingine, mwachie, utege tena.

Zamani nilikuwa nasubiri kabla ya kutega, nikifuata mafundisho kwamba mpaka siku ya kumi au ya kumi na mbili njaa inaishinda hofu na paka anatoka mwenyewe. Nimewaona wanaotoka siku hizo, ni kweli. Lakini nimeona pia paka mnene aliyekaa bila kula siku chache mafuta yakamjaa kwenye ini, na alipopatikana alikuwa wa kukimbizwa kwa daktari. Siku hizi sisubiri. Natega usiku wa kwanza, na wale wa zamani niliowaacha wangoje siachi kuwafikiria.

Yule wa mstari wa mchanga nilikwenda kwake jioni ile ile. Tulizoa mchanga wote, tukamwagia maji pale ulipokuwa, tukazima taa za nje. Saa saba na nusu usiku tochi ilikamata macho nyuma ya tangi la maji, mkono mmoja na nusu kutoka ulipopita mstari wake. Ilimchukua mwenyewe dakika arobaini amekaa sakafuni akinong'ona, hadi paka akamwekea kidevu kwenye goti.

Jambo la mwisho, kwa sababu kesho yake asubuhi alinipigia tena akiwa amechanganyikiwa. Ana paka wa pili, na huyo alipomwona mwenzake aliyerudi alimfokea na kumparura kama adui. Hilo ni la kawaida. Aliyerudi ananuka tangi, hofu na nje, hanuki nyumbani, mwenzake hamtambui. Mweke aliyerudi chumba chake peke yake, na maji, chakula na choo chake. Wabadilishane matandiko ili harufu zichanganyike, wakutane polepole kwa siku kadhaa, na daktari amtazame kabla. Ule mchanga wake wa zamani, ule uliokuwa getini, ndio utakaofaa sasa: mwekee humo chumbani.