Neno "vakyumu" na maharage ya wifi

Wiki iliyopita wifi yangu alinifungulia kabati la jikoni, akanionyesha vifuko sita vya maharage ya nazi yaliyopikwa Jumapili. Vilikuwa vimebanwa mpaka punje zinahesabika kwa nje. Kabati, si friji. "Nimeyavakyumu, wifi," akasema. "Haya hayaozi tena."

Neno hilo nimelisikia likisemwa hivyo dukani, kwenye matangazo ya simu, hata sokoni kwa muuza samaki. Siku hiyo nikavuta kiti.

Maana yake haina urefu. Vakyumu ni nafasi isiyo na kitu, hata hewa. Mashine ya jikoni hunyonya hewa iliyomo kwenye mfuko wa plastiki, kisha huuyeyusha mdomo wa mfuko kwa waya wa moto ili hewa isirudi. Basi. Hutoa hewa, huziba. Na hata hiyo hewa haitoki yote. Hakuna mashine ya nyumbani inayofika huko.

Asili ya neno ni Kilatini, vacuus, yaani tupu. Kwa Kiswahili cha kamusi tunalo "ombwe", lakini hilo limetekwa na wachambuzi wa siasa: ombwe la uongozi, ombwe la madaraka. Ukimwambia mwenye duka unataka mashine ya ombwe atadhani umetoka kwenye mdahalo. "Utupu" lingekuwa rahisi zaidi, ila nani ataingia dukani, mbele za watu, aulizie mashine ya utupu? Kwa hiyo tumebaki na vakyumu, ambalo pia ndilo jina la ile mashine ya kufyonza vumbi kwenye zulia. Sina ugomvi na mkopo huo. Ugomvi wangu ni kitenzi kilichozaliwa humo, kuvakyumu, na namna kinavyokalia kiti cha "kuhifadhi".

Kuhifadhi ni neno zito. Limetoka Kiarabu, na ndilo lile lile tunalotumia kwa mtoto wa madrasa aliyehifadhi Kurani: kaiweka moyoni yote, haipungui herufi. Ukisema umehifadhi chakula, umeahidi kwamba kitabaki kama ulivyokiacha. Ahadi hiyo hutimizwa na chumvi, jua, moshi, baridi kali, siki au moto. Ng'onda wa pwani anakaa kwa sababu ya chumvi na jua, maana maji yamemtoka na vijidudu havina pa kuishi. Kutoa hewa peke yake hakumo katika orodha hiyo.

Tena ombwe la uhakika zaidi katika nyumba nyingi ni chupa ya chai. Mwanasayansi James Dewar aliibuni mwaka 1892: kuta mbili, katikati hewa imetolewa, joto likakosa njia ya kupita. Kweli, ombwe lake liko ukutani, haligusi chai. Ila hakuna aliyewahi kudhani kwamba chai ya maziwa ikilala humo mpaka kesho jioni haitachacha.

Wifi akanikata. "Mbona maharage ya kopo yanakaa miaka dukani, nje ya friji?"

Swali zuri, na hapo ndipo penyewe. Kopo hufungwa kwanza, kisha maharage hupikwa yakiwa ndani ya kopo lililozibwa, kwa mvuke wa presha unaofika kama nyuzi 121 za Selsiasi. Maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayapiti nyuzi 100, na kwa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kabla hata ya kufika huko. Tofauti hiyo ya nyuzi ishirini na ushei ndiyo inayowaua wale vijidudu wasiokufa kwa kuchemshwa. Wifi alipika, akapoza, akachota kwa upawa, ndipo akafunga. Chochote kilichonusurika sufuriani, na chochote kilichopanda kwenye upawa, kimefungiwa ndani pamoja na maharage.

"Lakini hakuna hewa. Wataishi vipi?"

Wengine hawaihitaji hewa. Wengine, hewa ndiyo inayowazuia. Hapa naomba niende polepole, maana kuna neno la pili la Kilatini linalosimulia kisa chote: botulus, maana yake soseji. Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Württemberg, Ujerumani, watu walikuwa wakila soseji, kisha macho yanaona viwili viwili, koo linashindwa kumeza, pumzi inakata. Daktari Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, aliandika kwa kina juu ya sumu hiyo katika miaka ya 1820, na ugonjwa ukaja kuitwa botulismi. Fikiria soseji ni nini: nyama laini iliyoshindiliwa ndani ya utumbo, ukafungwa huku na huku, hewa haipiti. Ni mfuko wa vakyumu wa watu wa kale.

Mwenye kosa alijulikana baadaye. Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, wapiga muziki waliotoka mazikoni walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Wengi waliugua na watatu walikufa. Mtaalamu wa bakteria, Émile van Ermengem, akaipata bakteria kwenye nyama hiyo na kwenye maiti. Leo inaitwa Clostridium botulinum. Inaishi udongoni, inajigeuza kuwa kitu kama mbegu ngumu isiyokufa kwa maji yanayochemka, na huota na kutoa sumu mahali pasipo na oksijeni, penye unyevu, pasipo na uchachu, na penye joto la kutosha. Sasa yatazame tena maharage ya nazi kabatini. Na sumu hiyo haikuhakikishii harufu. Mfuko ukivimba, shukuru umepewa taarifa. Usipovimba bado hujaambiwa kitu. Ni ugonjwa wa nadra, sikatai, lakini hao wa nadra wanapenda hasa mazingira tunayowaandalia kwa mashine. Kitunguu saumu kibichi au uyoga, ukiviziba hivyo ukaviacha mezani, umefanya kosa lile lile.

Mashine ina faida zake, nisije nikaonekana naipiga vita. Nyama kwenye friza haikauki na kupauka pembeni. Korosho na karanga za kukaanga hazipati haraka ile harufu ya mafuta yaliyochina, kwa kuwa oksijeni ndiyo inayoyachinisha. Nyama mbichi ndani ya mfuko ikigeuka rangi ya zambarau, usiitupe kwa rangi tu. Imekosa oksijeni, ukifungua baada ya muda kidogo inarudi kuwa nyekundu. Mchuzi ugandishe kwanza, la sivyo mashine itaunywa.

Jambo jingine dogo linaloniudhi: watu husema plastiki "inavutwa". Haivutwi na kitu. Hewa ya nje ndiyo inayoibana. Pale Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa inakandamiza karibu kilo moja kwa kila sentimita mraba, hatuihisi tu kwa sababu na ndani yetu imo. Ukiitoa ndani ya mfuko, iliyo nje haina wa kushindana naye. Ndiyo maana mkate wa boflo ukiuvakyumu unatoka kama chapati.

Na msichanganye na mifuko ya PICS ya kuwekea mahindi na kunde. Ile haitolewi hewa kwa mashine. Ina matabaka mawili ya plastiki ndani ya kiroba; unajaza nafaka kavu, unakandamiza, unafunga kila tabaka kwa kamba, na dumuzi waliomo wanapumua mpaka oksijeni inawaishia wenyewe. Kule ni kutopitisha hewa, huku ni kutoa hewa. Na neno "kavu" halikuwekwa pale kwa urembo. Maharage ya nazi si makavu.

Nilimwambia wifi hivi, kwa upole, maana mashine aliinunua kwa fedha yake na alikuwa ameifurahia: usiseme umeyahifadhi, sema umeyafunga bila hewa, halafu umalizie sentensi kwa kusema yako wapi. Yakiwa kwenye friji, yahesabie siku chache, kama maharage mengine yoyote. Yakiwa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, hapo yamehifadhiwa, na aliyeyahifadhi ni baridi.

Vile vifuko sita vilikwenda kwenye pipa, naye hakusema neno. Jana nimekuta vipya vinne, juu yake kaandika tarehe kwa kalamu nene, na chini ya tarehe: FRIZA. Kuvakyumu bado anakusema vile vile. Hilo nimemwachia.