Taa ya gari la walinzi si amri ya polisi

Juzi jioni kwenye Barabara ya Lamu, hapa Malindi, tuktuk ilikatwa ghafla hadi ukingoni, mama na ndoo yake ya samaki wakayumba, kisa gari la kampuni ya ulinzi limewasha taa nyuma yao. Tangu zamani wengi tunaamini taa hiyo ina nguvu ya polisi. Haina. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia ulinzi wa kibinafsi Kenya inazitaka kampuni zisajiliwe. Haiwageuzi walinzi kuwa polisi. Taa ya rangi ya chungwa yasema "jihadhari", basi. Ambulensi, zimamoto na polisi walio kazini, hao wapishe. Mlinzi ukimpisha kwa hisani, tazama kwanza ukingoni: watoto hupita papo hapo.