Maana ya "jay": tambi za Kithai bila nyama, na kwa nini hata vitunguu huachwa

Ukiuliza Dar es Salaam "leo mboga nini?" unaweza kujibiwa "samaki", na hakuna atakayeshangaa. Mboga kwetu ni chochote kinachoshushia ugali. Ndiyo maana mgeni akisema "mimi nakula mboga tu", mwenyeji makini humuuliza tena: hata dagaa? Supu je? Mayai? Wathai wana maneno mawili yanayojibu maswali hayo kabla hayajaulizwa, na anayetaka kupika tambi zao bila nyama ayajue mapema, kwa sababu kinachoingia kwenye karai kinategemea ni neno gani limekusudiwa.

La kwanza ni mangsawirat. Limetoka katika Kisanskriti, ambako mamsa ni nyama na virati ni kujiepusha. Anayekula mangsawirat haguzi nyama wala samaki, lakini mayai na maziwa kwa kawaida hutumia. Kwetu ni kama wale Wasabato walioacha nyama: choma imewapita, ila yai la asubuhi lipo.

La pili ni jay, na hili ndilo lenye mambo. Hutamkwa kama "je" yetu ya kuuliza, ikivutwa kidogo. Lilifika Thailand na wahamiaji wa Kichina, na kiini chake ni kufunga na kujitakasa. Jay huondoa kila kitu kilichotoka kwa mnyama: nyama, samaki, kamba, mayai, maziwa. Kisha huendelea. Kitunguu saumu kinatoka. Vitunguu maji vinatoka, vile vidogo vyekundu pia. Majani ya kui chai, yanayofanana na majani ya kitunguu na kunukia saumu, yanatoka. Hata tumbaku imo kwenye orodha. Imani ni kwamba mimea yenye harufu kali namna hiyo huchemsha mwili na kuitikisa akili ya mtu aliye kwenye utulivu wa ibada.

Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza sikuona ajabu, maana nimekua na majirani Wahindi. Aliyekaa karibu na Wajaini au wafuasi wa Swaminarayan, Mombasa, Nairobi au Dar, anajua kwamba zipo nyumba ambazo kitunguu hakivuki kizingiti, na bado chakula chao kinanukia hadi barabarani. Ni dini tofauti na nchi tofauti, lakini mpishi wa nyumba hizo angemwelewa mpishi wa jay bila mkalimani.

Kilele cha jay ni sikukuu ya siku 9 mwanzoni mwa mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Kisiwa cha Phuket ndicho maarufu zaidi. Masimulizi ya huko yanasema mwaka 1825 kundi la waigizaji wa opera kutoka China lilikwenda Kathu kuwatumbuiza wachimba bati, likashikwa na homa. Waigizaji wakaacha nyama, wakawaomba miungu tisa wafalme, wakapona. Siku hizo watu huvaa nyeupe, na mabanda ya chakula hupandisha vibendera vya manjano vyenye herufi nyekundu, เจ. Herufi hizo utazikuta pia kwenye paketi za vyakula vinavyotoka Thailand. Ukiziona kwenye chupa ya sosi, huna haja ya kusoma maandishi madogo ya nyuma.

Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa Wathai wengi ni Wabudha, basi nyama ni nadra. Sivyo. Watawa wa Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Thailand, hula walichopewa kwenye bakuli, nyama ikiwemo, mradi hawakuona, hawakusikia na hawashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yao. Kwa hiyo ukiagiza tambi "bila nyama" kwenye banda la kawaida, mpishi atatoa vipande vya kuku kwa moyo safi kabisa, na nam pla itabaki palepale.

Nam pla. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Nam ni maji, pla ni samaki. Dagaa wa baharini hupangwa na chumvi kwenye mapipa au matangi, wakaachwa mwaka mzima au zaidi, hadi wakatoa maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ndiyo chumvi ya Wathai. Pamoja nayo kuna kapi, ambayo ni uduvi uliosagwa na chumvi na kuchachushwa, na kuna sosi ya chaza. Vitatu hivi havionekani sahanini, na ndivyo vinavyofanya chakula kikolee. Ukivitoa bila kuweka kitu mahali pake, unabaki na tambi zenye uchachu na utamu, lakini ulimi unauliza: kuna nini kimesahaulika?

Hilo la kukolea lina maelezo yake. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliipa ladha hiyo jina, umami, na kuonyesha kwamba inatoka kwenye glutamati. Soya iliyochachushwa imejaa glutamati. Uyoga mkavu wa shiitake una kitu kingine kinachoizidishia nguvu, kiasi kwamba vikikutana, ladha inapanda kuliko kimoja kikiwa peke yake. Kwa hiyo mpishi wa jay hafanyi kazi ya kutoa tu. Anatoa maji ya samaki, anaingiza sosi nyepesi ya soya na maji yaliyorowekea uyoga. Sosi ya chaza inabadilishwa na sosi ya uyoga, ambayo viwanda vya Thailand hutengeneza kwa ajili hiyo hiyo.

Sasa tuchukue pad thai. Serikali ya Plaek Phibunsongkhram, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka 1938 na kuibadilisha Siam kuwa Thailand mwaka uliofuata, iliinadi kama chakula cha taifa. Tambi zake ni sen lek, za mchele, bapa na nyembamba. Ya kawaida ina uduvi mkavu, yai, saumu au vitunguu, kui chai na nam pla. Toa uduvi na nam pla, bakiza yai na vitunguu: hiyo ni mangsawirat. Toa vyote: ni jay, na kinachobaki si kidogo. Kuna tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini), figili iliyokaushwa na chumvi, choroko zilizoota, karanga, pilipili, ndimu, sukari ya mnazi na ukwaju. Ukwaju huo asili yake ni bara letu la Afrika, na wa sokoni Kariakoo unafaa kabisa.

Kwa watu wawili natumia tambi gramu 150. Siku za mwanzo nilizichemsha kama tambi za Idi, zikaiva vizuri sufuriani, na zilipofika kwenye karai zikawa uji. Tambi za mchele zilizokauka zirowekwe kwenye maji ya kawaida, dakika 30 hadi 45. Ikunje moja kidoleni: ikizunguka bila kukatika, huku ukiing'ata bado ina moyo mgumu, zichuje. Zitamalizia kuiva ndani ya sosi. Rojo la ukwaju liwe zito, vijiko 3 vya chakula. Sukari vijiko 3. Ukikosa ya mnazi, sukari guru inakaribia. Sosi nyepesi ya soya vijiko 3. Vichemshe pamoja hadi sukari iyeyuke, kisha onja. Inatakiwa iwe kali kuliko unavyotaka kula, kwa sababu tambi zitaipoza.

Tofu ikamue maji kwa kuifunga kitambaani na kuiwekea kitu kizito, uikate vipande vidogo, uikaange hadi ipige rangi ya dhahabu. Itoe. Kwenye mafuta hayo hayo tia figili na uyoga uliokatwa mwembamba. Hapa mpishi wa kawaida angeanza na saumu. Mpishi wa jay huuacha uyoga ukauke na ushike rangi ya kahawia, na harufu inayotoka hapo ndiyo inayofanya kazi ya saumu. Usiukoroge ovyo. Tia tambi, mwagia sosi, ongeza maji ya uyoga kidogo kidogo moto ukiwa mkubwa, hadi tambi zinywe kila kitu na kuanza kushika karai. Rudisha tofu, tia choroko zilizoota mwishoni kabisa ili zibaki na mlio, nyunyiza karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu. Ndimu hukamuliwa mezani. Na usipike sahani nne kwa mara moja: karai likijaa moto hupungua, tambi zinachemka badala ya kukaangika.

Tambi nyingine nitazipitia haraka. Pad si io hutumia sen yai, tambi pana, pamoja na sosi nyeusi ya soya na majani ya kana. Kana na sukuma wiki ni wa jamii moja, Brassica oleracea, kwa hiyo anayepikia Nairobi asihangaike. Akate sukuma vipande vikubwa, mashina yatangulie majani. Wun sen zile zinazong'aa kama kioo zimetengenezwa kwa wanga wa choroko, nazo ni salama kwa jay. Za kuangalia sana ni ba mi, za manjano, kwa sababu unga wake wa ngano umekandwa na mayai. Khao soi ya Chiang Mai, yenye mchuzi wa tui la nazi, huliwa na tambi hizo za mayai, na viungo vyake vya kusaga mara nyingi vina kapi. Mtu wa Pwani ataipenda sana, lakini akitaka iwe jay itabidi asage viungo mwenyewe, bila vitunguu, na kubadilisha tambi.

Ukiwa Thailand kwenyewe, mwanamume husema "phom kin jay", mwanamke "chan kin jay": mimi nakula jay. Kama hujafika huko kwenye vitunguu, omba mangsawirat, kisha ongeza "mai sai nam pla", usitie maji ya samaki.

Chungulia pia mezani. Banda la tambi huweka vibakuli vinne: sukari, pilipili ya unga, siki yenye pilipili, na nam pla yenye pilipili. Cha mwisho ndicho huharibu sahani iliyopikwa kwa uangalifu wote. Nyumbani kwangu kibakuli hicho kina sosi ya soya, ndimu na pilipili mbuzi iliyokatwa duara nyembamba, na jirani yetu asiyegusa kitunguu hukimaliza.